Maswali ya Wasomaji: Jina la Tovuti Liwe Refu au Liwe Fupi?

Barua tano kati ya zile tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinauliza, kila moja kwa njia yake, urefu wa jina la tovuti una uzito gani. Nimeanza na ile iliyonichukua muda mrefu zaidi kuijibu, kwa kuwa ubishi uliomo ndani yake ndio ninaoukuta mara kwa mara. Zilizobaki nimezijibu kwa kadiri zinavyohitaji.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunaendesha kituo ambacho kwenye hati zetu kinaitwa Kituo cha Mafunzo ya Ushonaji na Ubunifu wa Mavazi. Sasa tunataka kufungua tovuti, nasi tumeshindwa kukubaliana juu ya jina la kikoa, yaani lile ambalo watu wataliandika ili wafike kwenye tovuti yetu. Mwenzangu anashikilia kifupisho "kmuum", akisema kwamba jina fupi ndilo linalokumbukwa. Mimi naona kifupisho hicho hakimwambii mtu chochote, na ningependa tutumie "mafunzoyaushonajinaubunifuwamavazi", jina linalojieleza lenyewe. Ni nani kati yetu aliye sahihi? — Wabia wawili wasioelewana

JIBU: Ndugu wabia, naogopa sitampa ushindi yeyote kati yenu. Nyote wawili mmehesabu herufi, na hapo ndipo mlipokosea njia. Anayetafuta tovuti hahifadhi herufi kichwani, bali anahifadhi vitu. Neno analolijua tayari ni kitu kimoja kwake, liwe na herufi nne au kumi, ilhali herufi isiyofungamana na neno lolote nayo ni kitu kizima kinachodai nafasi yake. Kwa hesabu hiyo, "kmuum" si jina jepesi hata kidogo: ni herufi tano zisizoshikana, na kila moja inataka kukaririwa kwa zamu yake. Jaribuni kumtajia mtu jina hilo kwenye simu, mtaona. Atauliza kama ni "m" au "n", kwa sababu sauti hizo mbili hukaribiana sana masikioni. Atauliza kama "u" ni moja au ni mbili. Na akikata simu bila kuuliza lolote, jueni kwamba ameandika jambo lake mwenyewe.

Jina la pili lina herufi 34, lakini si wingi huo peke yake unaonitia wasiwasi. Lina maneno saba, na matatu kati yake ni "ya", "na" na "wa", vile vijineno ambavyo msikilizaji huvisikia bila kuvishika. Mtu aliyeelezwa jana kuhusu kituo chenu atakumbuka bila shaka kwamba mnafundisha kushona na kubuni mavazi. Leo atakapoketi kuandika, vidole vyake vitaandika "mafunzoyakushonanakubunimavazi", ambalo kwa maana ni lile lile, lakini kwa kompyuta ni anwani nyingine kabisa. Mfumo wa majina ya vikoa haujui visawe. Anayekosea herufi moja haletwi karibu na alikokusudia. Anaambiwa kwamba ukurasa haupo, au anapokelewa na mtu mwingine aliyewahi kulisajili kosa hilo kwa makusudi, jambo ambalo kwa majina mashuhuri limekuwa biashara ya watu.

Mimi ningewashauri mfikirie jina kama "jifunzekushona". Lina herufi 14, karibu mara tatu ya kifupisho cha mwenzako, lakini kwa vitu vya kukumbuka ni viwili dhidi ya vitano, na vyote viwili mwanafunzi wenu alikuwa navyo kabla hajasikia habari zenu. Msishawishike kulipunguza zaidi liwe "jifunzeshona", kwa sababu Kishona ni lugha ya mamilioni ya watu nchini Zimbabwe na mtajikuta mnapokea wanafunzi wa lugha. Wala msione vibaya kwamba jina hilo halifanani na lile lililo kwenye hati. Vimalizio vya kawaida kama .com na .org havidai kwamba jina la tovuti lilingane na jina la kisheria la mwenye nayo. Jina refu litakaa pazuri juu ya ukurasa wenyewe, mahali ambapo msomaji analisoma bila kulazimika kuliandika.

Kwa kuwa majina mnayoyafikiria ni ya Kiswahili, nitaongeza mambo ambayo vitabu vya ushauri vilivyoandikwa kwa ajili ya lugha nyingine havitawaambia. Karibu maneno yetu yote humalizikia kwa irabu, na mengi huanza kwa irabu pia, na jina la kikoa haliruhusu nafasi kati ya neno na neno. Matokeo yake ni majina kama "wekaakiba", "nunuaardhi" na "elimuumma", ambayo msikilizaji huyasikia yakiwa na irabu moja iliyovutwa kidogo, naye huandika moja. Ikiwa jina mlilolipenda lina mgongano wa namna hiyo, ama badilisheni neno moja, ama sajilini maumbo yote mawili tangu siku ya kwanza, ili aliyeandika "wekakiba" naye afike.

Kuna pia suala la sauti ambazo wasemaji hawazitamki kwa namna moja. Wapo wasemao "zahabu" kwa dhahabu, "gala" kwa ghala, "adithi" kwa hadithi, na wapo ambao "r" na "l" kwao hubadilishana mahali bila taabu. Sizungumzii hapa usahihi wa matamshi ya mtu. Anayeandika anwani ni yeye, naye ataiandika kama alivyoisikia au kama anavyoisema, si kama ilivyo kwenye kamusi. Kwa hiyo neno lenye "dh" au "gh", hata likiwa fupi, lina mlango wa kosa ndani yake. Na ritifaa, ile alama iliyo katika ng', ndiyo haina nafasi kabisa. Katika jina la kikoa la kawaida huruhusiwa herufi, tarakimu na kistari peke yake, na kistari chenyewe hakiwezi kuanza wala kumalizia jina. Mtu aliyetaka tovuti yake iitwe "nang'aa" atapewa "nangaa", na kila atakayelisoma atafikiria nanga ya meli.

Hatari nyingine ni ya maneno kujigawa upya pale yanapounganishwa. Fikirieni "kukuzavipaji". Mwenye nalo ameona kazi njema ya kukuza vipaji. Msomaji anayepita mbio anaona "kuku za vipaji", na ijapokuwa sarufi sanifu ingetaka "kuku wa", jicho halisubiri ruhusa ya sarufi. Jina kama hilo huokolewa kwa kiasi fulani na herufi kubwa: mfumo hautofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo mnaweza kuchapisha "KukuzaVipaji" kwenye mabango na vipeperushi, na atakayeandika kwa herufi ndogo tupu atafika pale pale. Kistari nacho hugawa maneno vizuri kwa macho, lakini kinapotamkwa huwa mzigo, kwa maana kila mara itawabidi mseme "kukuza, kistari, vipaji", na anayesahau kistari humwendea mwenye jina lisilo nacho. Mimi nisingekitumia isipokuwa pale ambapo majina yote mawili ni yangu.

Pamoja na hayo yote, sitaki mwenzako aone kwamba hoja yake nimeitupa. Jina fupi huingia vizuri kwenye bango, huandikika haraka kwa kidole kimoja kwenye simu, na hufanya anwani za barua pepe zisiwe adhabu. Kampuni ya Facebook ilianza mwaka 2004 ikiwa na anwani ya thefacebook.com, na mwaka uliofuata ilitoa dola 200,000 ili ipate facebook.com, yaani ililipa fedha hizo kwa ajili ya kuondoa herufi tatu. Lakini angalieni ni herufi zipi: walikiondoa kijineno kisichobeba maana, wakabaki na maneno mawili mazima yanayotamkika. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilinunua fb.com kutoka kwa shirikisho la wakulima la Marekani kwa dola milioni 8.5, herufi mbili tu, nayo ikalitumia kwa barua pepe za wafanyakazi wake. Umma uliachwa uendelee kuandika lile lenye herufi nane. Hapo ndipo ninapoona somo kwa ajili ya ubishi wenu, kwa sababu hawa hawakukosa uwezo wa kuwafundisha watu jina jipya, na bado waliona hakuna haja.

Kuna na upande wa hesabu. Majina ya herufi mbili yanayoweza kuundwa kwa alfabeti ya herufi 26 ni 676, ya herufi tatu ni 17,576, na ya herufi nne ni 456,976. Chini ya .com, yote hayo yamekwisha kuchukuliwa. Yale ya herufi nne yaliripotiwa kumalizika mwaka 2013. Anayetaka jina fupi sana leo anabakiwa na njia mbili: kununua kwa aliyelitangulia, kwa bei atakayotajiwa, au kukubali mkusanyiko wa herufi ambao hakuna mwingine aliyeutaka. Kifupisho chenu ni cha namna hii ya pili, na kama kikipatikana kwa bei ya kawaida, basi mjiulize kwa nini.

Kabla ya kulipia jina lolote, tafuteni kama limewahi kutumiwa na mtu mwingine, kwa kulipekua kwenye hifadhi ya kurasa za zamani iitwayo Wayback Machine, maana jina lililowahi kubeba tovuti ya utapeli huja na sifa zake. Hakikisheni pia kwamba halifanani na alama ya biashara ya mtu. ICANN, shirika linaloratibu majina haya duniani, lina utaratibu wa usuluhishi uliopitishwa mwaka 1999, na chini yake mwenye alama anaweza kumnyang'anya jina yule aliyelisajili kwa nia mbaya. Mkishapata jina lenu, mwenzako akitaka bado kusajili "kmuum" na kulielekeza kwenye jina kuu, mwacheni. Litamfurahisha, na siku moja linaweza kufaa kwenye kitambulisho kidogo.

SWALI: Mpendwa Mhariri, tovuti yangu ina jina lenye maneno manne na nimeitumia kwa miaka tisa. Sasa nimefanikiwa kupata jina la herufi tatu lenye kimalizio kisicho cha kawaida. Je, nihamie huko moja kwa moja? — Msomaji anayetaka kuhama

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujahama nakuomba uifikirie habari ya duka la mtandaoni la Overstock la Marekani. Mwaka 2010 lilinunua o.co kwa dola 350,000, na mwaka 2011 likaanza kujitangaza kwa jina hilo, hata uwanja wa michezo wa Oakland ukabandikwa O.co. Fupi kuliko hilo ni nadra kupatikana. Kilichotokea ni kwamba watu waliliona tangazo, wakaenda kwenye kompyuta zao na kuandika o.com kwa mazoea ya vidole. Anwani hiyo haikuwa ya mtu yeyote, kwa sababu majina ya herufi moja chini ya .com yalizuiwa tangu mwaka 1993, yakaachwa yale machache tu yaliyokuwa yamekwisha kusajiliwa. Kabla mwaka 2011 haujaisha, kampuni ilikuwa imerudi nyuma na kulitanguliza tena jina lake refu nyumbani kwake Marekani. Herufi moja iliyokosekana mwishoni iliwagharimu kuliko herufi zote walizokuwa wamezipunguza.

Ukiamua kuhama hata hivyo, hama kwa utaratibu. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa wake mpya kwa agizo la kuhama moja kwa moja, lile ambalo mafundi hulitaja kwa namba 301, wala usizipeleke kurasa zote kwenye ukurasa wa mbele tu, kwani aliyekuwa amehifadhi kiungo cha makala fulani atajiona ametupwa barazani. Jina la zamani usiliache likaisha muda. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wakiona ada ya mwaka ni hasara kwa jina ambalo "halitumiki tena". Jina lililoachwa husajiliwa na yeyote, na huyo yeyote anaweza kuunda upya anwani zako za barua pepe, akapokea barua ulizokuwa ukiandikiwa, na kuomba nywila mpya katika huduma ulizojiunga nazo kwa anwani hizo. Liweke hai kwa miaka mingi kadiri uwezavyo. Unaweza kulilipia hadi miaka 10 kwa pamoja chini ya .com, ukaondokana na kusahau.

Ushauri wangu mwenyewe ni kwamba ulitumie jina fupi kwa miezi kadhaa kama njia ya pembeni inayoelekea kwenye jina la zamani, kisha uangalie kwenye takwimu za tovuti yako ni wangapi wanaoingia kwa njia hiyo. Miaka tisa ya watu kukuzoea si kitu cha kuhamisha kwa sababu ya uzuri wa herufi tatu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba jina refu lililojaa maneno ambayo watu huyatafuta huipandisha tovuti kwenye injini za utafutaji? — Mwandishi wa makala

JIBU: Iliwahi kuwa na ukweli mkubwa zaidi kuliko ilivyo sasa. Kulikuwa na kipindi ambapo watu walisajili swali zima la mtafutaji likawa ndilo jina la tovuti, wakaweka ndani yake kurasa hafifu, nao wakatokea juu. Mwezi Septemba mwaka 2012 Google ilitangaza marekebisho yaliyolenga tovuti za namna hiyo zenye maudhui duni, na mbinu ile ikapoteza makali yake. Neno moja linaloeleza shughuli yako ndani ya jina linamsaidia msomaji kujua anabofya nini, na kwa hiyo linafaa. Maneno matano hayamsaidii zaidi, ila humfanya ashuku, kwa kuwa matapeli nao hupenda anwani ndefu: kwenye upau mwembamba wa anwani katika simu huweka mbele maneno ya kuaminika yaliyotenganishwa kwa nukta, na jina lao halisi likafichika mwishoni mahali ambapo jicho halifiki. Anayeijua hila hiyo hutazama kile kilicho mara tu kabla ya kimalizio, wala si kile kinachoanza.

SWALI: Nimeona watu wakitumia kimalizio cha nchi kama sehemu ya neno ili wapate jina fupi. Ni busara? — Msanifu wa tovuti

JIBU: Ni werevu, lakini si busara kila mara. Tovuti ya kuhifadhi viungo vya kurasa za mtandaoni ya del.icio.us ilipendwa sana na watu ilhali wengi hawakukumbuka nukta zake zinakaa wapi, nayo hatimaye ikahamia delicious.com. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kimalizio cha herufi mbili ni mali ya nchi, na ukikitumia unaingia chini ya kanuni za nchi hiyo, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Mwaka 2010 wasimamizi wa kimalizio cha Libya, .ly, waliifunga huduma ya kufupisha viungo iliyoitwa vb.ly kwa maelezo kwamba maudhui yake yalikwenda kinyume na sheria za Libya. Mwaka huo huo, mwezi Machi, kimalizio cha .yu kiliondolewa kabisa kwenye mfumo, kwa kuwa Yugoslavia yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka. Kwa mradi wa kuchekesha marafiki sina neno. Kwa shughuli unayoitegemea, chagua kimalizio ambacho umesoma masharti yake.

Vile vimalizio vipya virefu vilivyoanza kuingia kwenye mfumo mwaka 2013 havina hatari hiyo, lakini wengi husahau kukihesabu kimalizio ndani ya jina. Neno la herufi nne likifuatwa na .photography limekuwa refu kuliko wengi wa wapinzani wake wenye .com, na anayelisikia atauliza kama baada ya hapo kuna .com au hakuna.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta. Jina la kikoa lina kikomo cha urefu, na ni nani aliyekiweka? — Mwanafunzi

JIBU: Kikomo kipo, na kimetokana na namna majina yanavyofungashwa ndani ya ujumbe wa mfumo, kama ilivyoelezwa katika viwango vilivyoandikwa na Paul Mockapetris na kutolewa mwezi Novemba mwaka 1987. Kila sehemu ya jina iliyo kati ya nukta na nukta hutanguliwa na baiti moja inayotaja urefu wake. Baiti ina biti nane, yaani nafasi nane za tarakimu 0 au 1, lakini mbili za juu zimetengwa kwa kazi nyingine, ile ya kuonyesha kwamba jina limekwisha kutajwa mahali pengine ndani ya ujumbe huo huo na halina haja ya kurudiwa. Zinabaki biti sita, na namba kubwa kabisa inayoandikika kwa biti sita ni 63. Kwa hiyo sehemu moja haizidi herufi 63. Jina zima, pamoja na baiti hizo za urefu, haliruhusiwi kuzidi baiti 255, jambo ambalo kwa maandishi tunayoyaona ni herufi 253 pamoja na nukta zake.

Kijiji cha Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch, kilichopo kisiwani Anglesey huko Wales, kina jina la herufi 58, nalo limesajiliwa lote kama lilivyo chini ya .co.uk. Herufi tano zaidi zingeingia.